Ufa wa Chumba cha Nyuma

Dalali Tamazi alinifunda tukiwa bado kwenye ngazi:
Usisifu kitu. Ukiipenda roshani, ilalamikie.
Ukiuona mto, sema: unyevu.
Na akitaja bei, hesabu kimoyomoyo hadi ishirini
ukitazama dari, kama mtu aliyesikia panya.

Kutaisi ilikuwa na mvua ya Machi,
ile isiyoanguka, inayoning'inia tu,
na mimi nilikuwa na ufa mfukoni.

Niliuokota Jumanne, ziara ya kwanza,
mwenye nyumba alipokwenda kuzima jiko.
Nyuma ya kabati, chumba cha mwisho,
ukuta umepasuka toka dari hadi sakafu;
kidole gumba kiliingia, kikazunguka, kikatoka na vumbi.
Nikalirudisha kabati polepole.
Usiku nikaupigia hesabu: dola elfu tano.
Nikalala nao kama mtu aliyeokota pochi
na hana nia ya kuuliza ni ya nani.

Bi Nazibrola alitaka elfu sabini na moja.
Nikatazama dari. Ishirini.
Nikasema hamsini na nane.

Hakushtuka. Alimimina kahawa,
akasema marehemu mumewe alinunua matairi namna hiyo hiyo,
na ndiyo maana walikwenda harusini kwa miguu.
Akacheka, kiganja mdomoni.
Nami nikacheka, na kicheko kikanigharimu elfu moja:
hamsini na tisa, nikasikia mdomo wangu ukisema.
Sabini, akasema, kwa kuwa unacheka vizuri.

Nikaitaja lifti iliyokufa.
Akayataja magoti yake, ambayo lifti haikuyaua.
Nikayataja maji, kwamba hukatika saa nne za usiku.
Saa nne watu wema wamelala.
Sitini. Sitini na tisa.
Tamazi alitafuna mkate wa jibini
kwa utulivu wa mtu anayelipwa na pande zote mbili.

Ndipo nikatia mkono mfukoni.
"Hebu nikague tena chumba cha nyuma,"
nikasema, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi kwenye kioo.

Alisimama kabla yangu.
"Lile kabati hutaliweza peke yako."
Akalitia nyonga. "Sukuma na wewe, kijana. Haya.
Huu hapa. Kabati nimeliweka kuzuia upepo, si macho.
Fundi alisema elfu sita, nami nimeshazitoa kwenye bei.
Sitaki uje kunilaani usiku, umelala na baridi."

Elfu sita.
Hata ufa nilikuwa nimeupunja.

Tulisimama pale, sisi watatu na upepo.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa;
lakini walioitunga walinyamaza
kuhusu nani atamlipa fundi.

Nikauliza nilichopaswa kuuliza tangu kahawa:
kwa nini sabini na moja? Hiyo moja ni ya nini?

"Sabini ni ya benki, na ya chumba kimoja Batumi
karibu na binti yangu, si ndani kwake.
Moja ni yangu." Kiganja kikapanda tena.
"Meno," akasema, nyuma ya kiganja.

Tulikata maneno saa kumi na moja, taa zikiwaka:
elfu sitini na sita. Tamazi akafungua kalamu.
"Na moja," nikasema.
Akanikanyaga chini ya meza, kiatu chake kipya kabisa.
"Na moja," nikarudia, na Bi Nazibrola
akatazama dirishani kwa muda
kama mtu anayehesabu, lakini hakuwa anahesabu.

Fundi alikuja Juni, na ngazi yake na redio yake.
Aliingiza kidole gumba, akakizungusha, akakitoa.
"Elfu nane," akasema.

Nikatazama dari.
Moja, mbili, tatu, nne.
Nilipofika kumi na mbili nikamchungulia:
naye alikuwa ameinua uso,
midomo ikimtikisika kidogo kidogo.